Hita ya maji ya karavani imegoma kuwaka baada ya winta: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo

Umeitoa karavani ilikokuwa imelala miezi minne mitano, umefungua gesi, umebonyeza swichi ya hita ya maji, unasikia tik tik tik halafu kimya, na taa nyekundu inakukodolea macho. Unajaribu tena, vilevile. Hapo wengi wanakimbilia kuagiza bodi mpya ya umeme, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikala hasara, nikafunga bodi mpya na tik tik ikawa ileile, kumbe mchawi alikuwa waya mmoja wa ethi (ule unaounganisha umeme wa hita na chuma) ulioota kutu ya kijani pale ulipofungwa kwa skrubu nyuma ya hita. Dakika kumi za msasa, basi, ikawaka.

Tangu siku hiyo nina msimamo: hita iliyokuwa inachemsha vizuri siku ya mwisho kabla ya kuhifadhiwa ni nadra sana iwe imefia usingizini. Kuna kitu kimeingia ndani yake, au kimeota kutu, au wewe mwenyewe umesahau kukirudisha kilipokuwa. Na hita yenyewe inasema tatizo liko wapi, ila sisi tunaangalia taa nyekundu badala ya kusikiliza sauti. Nitafika kwenye hizo sauti, lakini kwanza kuna mambo ya kumaliza, kwa sababu ukiruka utaanza kutafuta hitilafu ambayo haipo.

Usalama, na hapa sitanii

Gesi ya mtungi, iwe propeni au butani, ni nzito kuliko hewa. Propeni ni kama mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi ikaondoka zake, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye makabati ya chini na chini ya vitanda. Kwa hiyo ukifungua mlango wa karavani iliyofungwa muda mrefu ukakutana na ile harufu ya kitunguu kilichooza (wanaitia makusudi, gesi yenyewe haina harufu), usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi yoyote. Funga mtungi, acha mlango wazi, toka nje na uiache ipumue.

Kufungua viungo vya bomba la gesi, kupima presha, kufungua kichomeo (sehemu gesi inapowakia) kilichozibwa kiwandani, hiyo ni kazi ya fundi wa gesi mwenye kibali. Yote ninayoeleza hapa ni ya macho, masikio, pua, brashi na mita ndogo ya umeme. Na kabla hujawasha chochote bonyeza kitufe cha majaribio cha king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, halafu geuza usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma, maana vile vidude vina umri wake na vingi huwa vimeshapitwa huku bado vinapiga kelele vizuri tu ukivibonyeza.

Kwanza ujue una hita ya ukoo gani

Ushauri wa hita moja unaweza kuharibu nyingine, ndo maana nasema hivi mapema.

Ukoo wa kwanza ni zile zenye tangi dogo la lita 10 hivi, zimejificha chini ya kiti au kitanda, na nje ya karavani unaona kibati au kiplastiki chenye matundu ya kuvuta hewa na kutoa moshi. Truma ndo jina linalosikika zaidi Ulaya. Kichomeo chake kimefungwa, mwenyewe hukifikii, na usilazimishe.

Ukoo wa pili ni zile za mtindo wa Marekani, Suburban, Atwood na sasa Dometic, ambazo ukifungua kimlango cha chuma ubavuni mwa karavani unaona kila kitu, bomba la kichomeo, valvu ya gesi, waya, plagi ya kumwagia maji. Hizi mwenyewe anaweza kuzisafisha sehemu kubwa.

Wa tatu ni zisizo na tangi, zinapasha maji yakipita. Hizi kama haziwaki kabisa, anza na chujio dogo kwenye mdomo wa kuingizia maji, kwa sababu zinasubiri zisikie maji yanakimbia ndipo ziwake, na chujio likijaa mchanga na magamba ya chokaa zinadhani koki imefungwa. Mengine ni kama kwa hita za koo mbili za kwanza.

Hatua ya 1: maji, kabla ya moto

Usiwashe hita tupu. Kuwasha gesi tangi likiwa halina maji ni hatari kwa hita nyingi, na kama yako ina elementi ya umeme pia, hiyo ndo usijaribu kabisa, inaungua ndani ya muda mfupi sana na hutajua mpaka siku utakayoihitaji. Hakikisha swichi ya umeme ya hita imezimwa, zote mbili kama ziko mbili. Hizi za Marekani mara nyingi zina kiswichi kingine kidogo kwenye hita yenyewe kule nje, kinasahaulika sana.

Sasa rudisha ulichofungua wakati wa kuhifadhi. Plagi ya kumwagia maji. Kama ni Suburban, tangi lake ni la chuma kilichopakwa kauri ndani, na plagi hiyo imebeba fimbo ya anodi ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Itoe uitazame. Ikiwa imebaki robo tu ya unene wake, imekuwa kama mfupa wa samaki, weka mpya. Atwood lake ni la alumini, halitumii fimbo, plagi yake ni ya plastiki, na usije ukaweka fimbo kwa kudhani unalisaidia.

Wenye Truma, angalieni valvu ya kumwagia. Ile inayoitwa FrostControl inafunguka yenyewe joto likishuka kufika nyuzi 3 hivi, na haikubali kufungwa mpaka lipande juu ya nyuzi 7 au karibu na hapo. Nimeona watu asubuhi ya baridi wanapigana nayo, unafunga inafunguka, unafunga inafunguka, maji yanamwagika chini ya karavani na pampu haikomi kulia. Haijaharibika. Washa kipasha joto cha ndani, acha sehemu ile ipate joto nusu saa au zaidi, halafu ifunge. Wapo wanaoibana na kibanio cha nguo ili isifunguke, na siku baridi ikirudi usiku tangi linapasuka, maana maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9 na hakuna chuma kinachobishana na hilo.

Kama ulipitisha ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, basi nyuma ya hita kuna valvu za kuiruka, moja au mbili au tatu, uligeuza maji yasiingie kwenye tangi. Zirudishe. Ukisahau, hita itawaka vizuri kabisa na wewe utaoga maji ya baridi, halafu utakuja kulaumu thamostati.

Fungua koki zote za maji ya moto, washa pampu, subiri. Mwanzoni zitakohoa, fuu, pff, zitatema hewa na maji machafu kidogo, acha mpaka mkondo utoke mfululizo bila kukatika. Hapo tangi limejaa. Zima pampu, kaa kimya dakika tano, halafu shika tochi upite chini ya sinki, nyuma ya hita, kwenye shawa. Viungo vya plastiki na valvu za kuzuia maji yasirudi nyuma ndo vinavyopasukaga kwa barafu, na ufa wenyewe ni kama unywele, hauuoni mpaka upite na karatasi ya chooni kavu uone ilipolowa.

Hatua ya 2: zunguka nje

Kifuniko. Kile kiplastiki ulichochomeka kwenye tundu la moshi ili vumbi na wadudu wasiingie. Kipo bado? Ndo hicho. Usicheke, hita haivuti hewa wala haitoi moshi, kwa hiyo inajaribu, inazima, taa nyekundu. Mimi siku hizi wakati wa kukiweka nafunga kamba ndefu nyekundu naining'iniza mpaka kwenye mpini wa mlango.

Halafu buibui. Kuna buibui wa manjano, jamii ya Cheiracanthium, ambao wanasemekana kuvutwa na harufu ya mafuta na gesi, na mwaka 2011 Mazda waliita magari kama 65,000 ya Mazda6 yarudi karakana kwa sababu buibui hao walikuwa wanajenga kwenye bomba la hewa ya tangi la mafuta. Sasa kama wanaziba gari linalotembea kila siku, hebu fikiria bomba la kichomeo lililokaa kimya miezi mitano, lina giza, limekauka, upepo haufiki. Utando wenyewe ni mwembamba mno, hauzuii gesi kupita, lakini unazuia hewa inayotakiwa kuchanganyika nayo, na mwali ukikosa hewa unakuwa wa manjano, mvivu, unalamba nje na kuacha masizi.

Kwa hita za kimlango: funga mtungi, zima umeme wa hita, fungua kimlango. Angalia masizi meusi kwenye wavu au rangi iliyobabuka juu yake, hiyo ni ushahidi kwamba tatizo lilianza hata kabla ya winta. Bomba la kichomeo pitisha brashi ndefu laini, ile ya kusafishia chupa inatosha, sukuma na uvute, utashangaa kinachotoka, tando, mbawa za nyigu, manyoya ya panya. Kama una kompresa pulizia taratibu kutokea upande wa kichomeo, vaa miwani. Tundu dogo linalotema gesi usilichokonoe na waya wala sindano, likipanuka hata kidogo tu mwali hautakaa sawa tena maisha. Likiziba, fundi analitoa, analilowesha kwenye spiriti na kulipulizia.

Kwa wenye Truma na ndugu zake, mulika tochi tu kwenye tundu la nje, ondoa majani na tando unazofikia kwa mkono au brashi laini, ishia hapo.

Na ukishamaliza nje ingia ndani ukague waya nyuma ya hita. Panya wanapenda sana ngozi ya waya na ule uzi wa kuzuia joto, na anayekaa winta nzima kwenye karavani yako bila kulipa kodi halipi pia kwa alichotafuna.

Hatua ya 3: gesi imefika kweli?

Kusema mtungi umejaa siyo kusema gesi imefika. Mabomba yamekaa na hewa miezi yote, kwa hiyo jambo la kwanza washa jiko. Shika kiberiti, fungua plate moja, subiri. Mwanzo hakuna kitu, halafu mwali unaruka ruka, unakufa, unarudi, mwisho unatulia bluu. Uache dakika mbili tatu. Hita ipo mbali zaidi kwenye bomba na inajipa sekunde chache tu kila jaribio, ukianza nayo itagoma mara tatu nne kabla hewa haijaisha na wewe utadhani imekufa.

Mtungi ufungue polepole. Hii watu hawaijui na inasumbua sana. Regyuleta na viunganishi vingi vya siku hizi vina kinga ndani, gesi ikikimbia ghafla vinadhani mpira umekatika, vinabana, na kinachopita ni kidogo mno. Jiko dogo linawaka lakini kwa unyonge, hita haiwaki kabisa. Ikikutokea, zima vyote, funga mtungi, subiri kidogo, ufungue tena robo mzunguko, tulia, halafu malizia. Kama regyuleta yako ina kitufe cha kijani cha kurudisha kinga kwenye mpira, kibonyeze sekunde kadhaa.

Aina ya gesi nayo. Butani inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0 (kwa hesabu kamili ni kama nyuzi 0.5 chini ya sifuri), propeni inaendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mwanzo wa msimu bado asubuhi kuna baridi, na mwenye mtungi wa butani anashangaa kwa nini hita inawaka mchana tu na alfajiri inagoma. Jibu ni hilo, weka propeni mpaka joto litulie, ila hakikisha kwanza regyuleta yako inaikubali.

Pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungo kuanzia mtungini, iwe sabuni ya kawaida isiyo na amonia wala klorini kwa sababu hizo zinaila shaba nyeupe. Mapovu yakichipuka, funga, ita fundi. Kunja mpira kidogo uone kama una nyufa, soma tarehe iliyochapishwa juu yake, na kama umezeeka ubadilishwe bila mjadala. Presha sahihi ni milibaa 30 kwa karavani nyingi za Ulaya, na huko Marekani inchi 11 za maji (kipimo chao cha presha), ambayo ni kama milibaa 27, ila inapimwa kwa kipimo maalumu huku vifaa vingine vinawaka, kwa hiyo muachie mwenye kipimo.

Hatua ya 4: umeme mdogo

Hita ni ya gesi lakini anayetoa amri ni betri. Betri iliyolala winta nzima bila chaji inaweza kuonyesha 12.4 ukiipima imetulia halafu ikaanguka mara tu valvu ya gesi na cheche vikianza kuvuta. Kwa hiyo usipime betri ikiwa imepumzika, pima kwenye waya za hita yenyewe wakati inajaribu kuwaka. Ukiona imeshuka chini ya volti 11 hivi, acha kutafuta, chaji betri kwanza. Kama betrini kuna 12.6 na kwenye hita kuna 10.8, umeme unapotea njiani, na njiani maana yake fyuzi yenye ukungu, kiunganishi kilicholegea, au ethi.

Ethi nimeshaieleza, nimeilipia pesa. Fungua skrubu yake, kwangua kijani chote mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu. Hita inatumia njia hiyohiyo kujua kama mwali upo, nitaeleza hapo chini, ndo maana ethi mbovu inaleta magonjwa yanayofanana na bodi mbovu.

Halafu kwenye hita za kimarekani bodi nyingi zimechomekwa kwenye kiunganishi, ile kingo ya bodi yenye vidole vya shaba imeingia kwenye plagi. Unyevunyevu wa winta unatia vile vidole rangi ya kahawia iliyofifia. Zima umeme, chomoa plagi, chukua kifutio cha penseli, kile cha kawaida cha mtoto wa shule, sugua pande zote mbili taratibu, utaona kahawia inaondoka na rangi inayong'aa inatokea kama sarafu mpya. Pangusa unga, chomeka. Usitumie msasa, tabaka lenyewe ni jembamba. Kifutio kimeokoa bodi nyingi zilizokuwa njiani kwenda jalalani.

Hatua ya 5: washa, na usikilize

Sasa ndo mambo yenyewe. Mwambie mtu abonyeze swichi ndani, wewe simama nje karibu na hita lakini pembeni, siyo mbele. Usiweke uso kwenye wavu kuchungulia, gesi iliyochelewa kuwaka hutoka na mwali wote kwa mpigo.

Hita isiyo na ubovu inazungumza kwa mpangilio: kwanza bodi inakagua kama thamostati na kinga ya joto (inayokata umeme hita ikipata moto kupita kiasi) ziko sawa (zile zenye feni unasikia na feni inaanza kuvuma), halafu klak, valvu ya gesi inafunguka, papo hapo tik tik tik ya cheche, halafu fuup, umewaka, na mvumo mtulivu unaendelea. Sauti iliishia wapi, tatizo liko hapo.

*Kimya kabisa, hata taa hakuna.* Umeme haufiki. Fyuzi, swichi, betri, ethi. Au kinga ya joto imekata. Suburban wana vitufe viwili chini ya kifuniko cha mpira mweusi, kimoja cha umeme mkubwa wa nyumbani na kimoja cha umeme mdogo wa betri, bonyeza mpaka uhisi kimejibu. Kwenye baadhi ya Atwood kuna kifyuzi cha joto kilichoning'inia kwenye waya karibu na kichomeo, kikiyeyuka maana yake mwali uliwahi kurudi nje, kwa hiyo ukibadilisha bila kusafisha bomba utabadilisha tena wiki ijayo.

*Tik tik tik ipo, klak hakuna.* Valvu ya gesi haifunguki. Mara nyingi volti ndogo, mara nyingine plagi ya valvu imeota kutu. Ukipima kwenye plagi ya valvu ukakuta volti kamili wakati wa jaribio na bado kimya, valvu ndo mbovu, hiyo ya fundi.

*Klak ipo, tik hakuna.* Waya mnene wa cheche umechomoka, umepasuka, au kauri ya elektrodi (kile kijiti kinachorusha cheche) ina ufa na cheche inarukia pembeni. Jioni giza likiingia unaiona ikiruka palepale inapovujia, kijibluu kidogo. Nafasi kati ya ncha ya elektrodi na mwenzake ni kama milimita 3, ikipanuka sana cheche inashindwa kuruka.

*Klak, tik tik tik, halafu hakuna fuup.* Gesi haifiki au hewa imebaki kwenye bomba, au tundu la gesi limeziba. Rudi hatua ya 3. Na hapa tafadhali, usibonyeze bonyeze. Kila jaribio lililoshindwa limeacha gesi kidogo ndani ya chumba cha moto. Zima, subiri dakika tano, ndipo ujaribu tena.

*Fuup ipo, halafu baada ya sekunde chache inazima.* Hii ndo ninayoikuta zaidi baada ya kuhifadhi, na ndo inayouza bodi nyingi bila sababu. Mwali wa gesi unapitisha umeme kidogo mno, maikroampea chache, yaani ampea moja ukiigawa mara milioni ukachukua vipande vichache tu, na bodi inautumia huo kujua kwamba moto upo. Elektrodi ikiwa na utando mweupe au ethi ikiwa na kutu, mkondo unapotea, bodi inasema moto hakuna, inafunga gesi kwa usalama wako. Safisha ncha ya elektrodi kwa msasa laini sana au steel wool, ipanguse, usiipinde, hakikisha ncha inakaa ndani ya mwali. Kama jiko nalo linapungua hita ikiwaka, basi gesi ni dhaifu, tazama regyuleta.

*Fuup inakuja na kishindo.* Zima, usirudie. Gesi inajikusanya kabla ya kuwaka, ama bomba lina utando, ama elektrodi imekaa vibaya. Safisha kwanza, na ikirudi tena ni fundi.

*Inavuma lakini mwali ni wa manjano.* Hewa haitoshi. Utando tena, au kile kipete kinachorekebisha hewa inayoingia kwenye bomba la kichomeo kimesogea. Mwali mzuri ni bluu na sauti yake ni ya kuvuma, siyo ya kupepea.

Inawaka, ila maji ni vuguvugu

Hapa usiguse thamostati bado. Nenda kwenye shawa ya nje. Kama koki zake mbili, ya moto na ya baridi, zimeachwa wazi na kilichofungwa ni kile kiswichi cha kwenye kichwa cha shawa, basi maji baridi yanavuka kupitia hapo yanaingia upande wa moto, karavani nzima inapata vuguvugu. Wakati wa kumwaga maji ya winta tunafungua kila kitu na hiyo ndo haikumbukwi. Njia ya kuhakikisha: funga maji yanayoingia kwenye hita, acha pampu ikifanya kazi, fungua koki ya moto jikoni. Maji yakiendelea kutoka, yanavuka mahali. Shawa ya nje, valvu ya kuiruka hita, au koki ya mchanganyiko iliyopasuka ndani kwa barafu.

Valvu ya usalama inadondosha

Kwenye matangi ya kimarekani valvu hii imewekwa ifunguke presha ikifika psi 150 au joto nyuzi 99 hivi. Kudondosha kidogo wakati maji yanapata moto mara nyingi siyo ubovu, ni kwamba tangi limejaa mpaka juu na maji yakitanuka hayana pa kwenda. Linatakiwa kubaki na kijihewa juu. Zima hita, acha maji yapoe kabisa, zima pampu, fungua koki moja ya moto, halafu inua kile kiwiko cha valvu, maji yatatoka na mwisho hewa itaingia. Yakikoma achia kiwiko kirudi chenyewe, funga koki, washa pampu. Ikiendelea kudondosha hata maji yakiwa baridi, badilisha valvu, na usije ukaiziba na plagi, tangi lisilo na pa kupumulia ni bomu.

Maji yananuka yai bovu

Ni bakteria wanaopenda fimbo ya anodi ya magnesi na maji yaliyotuama. Mwaga tangi, lisuuze mara mbili tatu, na mfumo wa maji usafishe kwa dawa. Tangi la maji safi wengi hutumia mililita 1 hivi ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwa kila lita, inakaa saa kadhaa, halafu unasuuza mpaka harufu iishe. Lakini tangi la hita la chuma cha pua haliipendi klorini, kwa hiyo soma kitabu chake, zipo dawa za kwake. Baada ya hapo pandisha joto la hita mpaka juu kabisa, zaidi ya nyuzi 60, uache likae, kwa sababu bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanastawi kwenye vuguvugu la nyuzi 20 hadi 45, yaani lile joto la maji yaliyoachwa kwenye bomba tangu mwaka jana. Usioge kabla.

Ukifika hapa na bado taa nyekundu, mpigie fundi, lakini usimwambie hita haifanyi kazi, mwambie ilipoishia: klak ipo, cheche ipo, inawaka sekunde nne inazima, volti kwenye hita 12.3 wakati wa jaribio, jiko liko vizuri, ethi nimesafisha. Fundi mwenye akili ataijua shida kabla hajafika, na yule atakayekujibu moja kwa moja kwamba ni bodi, muulize amejuaje.